Waya Mdomoni mwa Bibiana

"Waya huu utatoka leo," alisema Mjomba Silvano. "Hata kama mnakataa wote."

"Hautatoka," alijibu Baba. "Daktari alisema wiki nne. Leo ni siku ya sita tu."

"Daktari yuko Masasi. Mtoto analia hapa Chilangala. Anayemsikia ni nani, yeye au sisi?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, koleo amelilaza juu ya goti. Bibiana alikuwa mkekani, ameegemea ukuta, shavu la kulia limevimba. Mate yalimtoka, naye akayapangusa kwa ncha ya kanga. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Watu wazima wote wanne walikuwa wanaugombania mdomo wake, na yeye mwenyewe hakuweza hata kuufungua vizuri.

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa akipanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani. Mwaka ule wa 1957 bomba lilikuwa halijafika kijijini, na wanawake walishuka alfajiri kuchota maji, wakarudi jua likiwa limekwisha kuwa kali. Bibiana aliteleza, akaanguka kifudifudi juu ya jiwe. Meno mawili ya mbele, ya juu, yalisukumwa ndani na kuanza kucheza. Baba alimpeleka Masasi. Huko, katika hospitali ya misheni, daktari aliyarudisha mahali pake, akayafunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani ili yashike tena.

"Mimi nilichongwa meno sita," alisema Bibi, mama yake Mama. Akafunua mdomo, ingawa wote waliyajua meno hayo. Yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno, kwani ndivyo walivyochongwa wasichana wengi wa Kimakonde enzi zake. "Asubuhi nililazwa chini, patasi ikapita. Jioni nilikula ugali. Maumivu ya meno ni ya siku moja. Yakizidi hapo, kilichoingia kina sumu. Hicho chuma kitoke."

Mama akamgeukia Baba. "Hospitali walikuambia ataumwa siku ngapi?"

"Sikuambiwa. Nilikuwa nje natafuta lori la kurudia. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alizungumza na mtoto."

"Basi hujui," alisema Mjomba. "Na hayo meno yakioza, ukoo utaniuliza mimi, hautakuuliza wewe."

Kwa desturi yao mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba huwa zito kuliko la baba. Mama alitazama lile shavu.

Bibiana alijua ataumwa siku ngapi. Dresa Cyril alikuwa amemkalisha kwenye benchi na kumweleza yote, tena mara mbili.

"Siku tatu nne meno yatauma, kama mtu anayasukuma kwa kidole," alimwambia. "Hiyo ni kawaida, usiogope. Waya utakukwaruza midomo na mashavu, utapata vidonda vidogo mpaka mdomo uzoee. Kila ukila, sukutua kwa maji ya chumvi, yawe ya uvuguvugu. Ncha ikikuchoma, ifunike kwa nta ya nyuki. Kula uji. Usitafune kitu kigumu, hata maumivu yakiisha, maana meno yatakuwa bado hayajashika. Waya ukilegea, rudi siku hiyohiyo tuufunge upya. Ukitolewa kabla ya wakati, hayo meno mawili yatatoka."

Nyumbani Bibiana alisema neno moja tu: anywe uji. Habari ya kusukutua aliimeza. Angewezaje kudai maji ya kutema, katika nyumba ambamo watu wanne walinawa uso kwa kikombe kimoja? Na tangu aumie, Mama alikuwa akishuka bondeni peke yake.

Siku nne za kwanza zilikwenda kama Dresa alivyosema. Meno yaliuma, kisha yakapoa. Vidonda vilitoka, navyo bila chumvi vikawa vinanuka. Siku ya tano alipita nyumbani kwa kina Esha, rafiki yake, akamkuta anabangua korosho zilizochomwa.

"Karibu, mbuzi wa kufungwa," alisema Esha. "Au siku hizi unakula nyasi?"

Bibiana alitaka kumwonyesha kwamba bado ni mtu. Alitafuna korosho moja, kisha ya pili. Kwa ya tatu kitu kililia *tik* ndani ya mdomo. Waya ulilegea na ncha yake ikageuka, ikazama shavuni. Hakumwambia mtu. Usiku kucha shavu lilijaa.

"Mleteni mwangani," alisema Mjomba, akainuka.

Bibi alimlaza Bibiana na kukibana kichwa chake kati ya magoti. Mama akashika miguu. Baba alikwenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo. Bibiana alijaribu kusema, lakini kidole cha Mjomba kilikuwa tayari kimeinua mdomo wake wa juu. Alihesabu alichobakiwa nacho. Akisema, kuna fimbo ya Baba. Asiposema, kuna koleo, na baada ya koleo meno hayarudi. Baridi ya chuma ikagusa fizi.

Akakishika kifundo cha mkono wa Mjomba kwa mikono yake yote miwili.

"Nilikula korosho," alisema. "Jana. Kwa kina Esha. Waya ukalegea."

"Kaka, ondoa mkono," alisema Mama.

Akamwinua, akamuuliza jambo mojamoja, na Bibiana akaeleza yote, maneno yakichanganyika na mate: siku za maumivu, nta, chumvi, kurudi waya ukilegea.

"Kwa nini hukuniambia habari ya kusukutua?"

"Maji unayatoa mbali, Mama."

"Maji nachota mimi. Kuyahesabu si kazi yako."

"Kumbe waya hauna kosa," alisema Mjomba polepole. "Na mimi ningemtoa meno."

"Ungemtoa. Na mimi ningekuwa nimemshika miguu." Kisha Mama akamgeukia Bibi. "Mama, yako yalichongwa yakiwa yamesimama imara. Ya huyu yalilegea, ndiyo kwanza yanashika. Hiyo si kazi ya siku moja."

Bibi akaguna.

Baba alikuwa amerudi kutoka mlangoni, uso umekunjamana. "Na hizo korosho?"

"Shavu limekwisha kumchapa," alisema Mama. "Wewe nenda kwa Mzee Kasiani, mrina asali. Omba nta."

Akachota kikombe kilichojaa mtungini, akakipasha moto jikoni, akatia chumvi. Bibiana alisukutua na kutema. Iliwaka kama pilipili, machozi yakamtoka. Mama akachota kikombe cha pili. Nta ilipofika, alifinyanga punje ndogo kama ya mtama, akaibandika juu ya ncha ya waya. Maumivu hayakuisha, ila ule mchomo ulikoma.

"Sasa nisikilize," alisema Mama, akijifunga kanga. "Maumivu uliyoambiwa yatakuja, uliyavumilia, na ulifanya vizuri. Maumivu ambayo hukuambiwa, unayasema siku hiyohiyo, hata kama umejitakia mwenyewe. Mtu mzima asiyejua ukweli atakutibu kwa kile alichonacho mkononi. Leo kilikuwa koleo. Umeelewa?"

Bibiana akatikisa kichwa kukubali.

"Lori la Alfani linapakia barabarani, linakwenda Masasi. Tunaondoka."

"Leo hii?" aliuliza Bibi. "Na chakula?"

"Uji nautia kwenye kibuyu. Dresa alisema siku hiyohiyo, na sisi tumekwisha kupoteza moja."

Mjomba ndiye aliyembeba Bibiana na kumpandisha juu ya magunia ya korosho. Mama alipanda baada yake, akakaa, akamweka kifuani na kumshika kidevu kwa kiganja ili meno yasigongane njiani. Halafu akapiga bodi ya lori mara mbili, na dereva akaondoa gari.