Maili Hamsini Kabla ya Saa Nane

"Ndugu, hicho kigari kinatembea au kinakokotwa?"

Hezroni akainua kichwa kutoka kwenye boneti. Siku ya soko, stendi ya Same imefurika, na mbele yake kasimama binti wa gauni la maua ya njano, kapu la tangawizi mkononi, anacheka bila haya. Fundi wa watu akapenda papo hapo!

"Kinatembea, dada. Panda uone."

"Nife bure?" Akapanda.

Aliitwa Lukia, wa Myamba. Kile kigari, Austin ya kabla ya vita, Hezroni alikiokota kwenye shamba la mkonge akakifufua. Hakuna aliyewahi kukiona kikizidi maili thelathini kwa saa.

Wakapendana, basi, hadi posa. Hezroni, mtu wa Ugweno, akatuma wazee wake na mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, kama wafanyavyo waungwana kwao. Lo! Nyumba ya Mzee Eliufoo, baba wa Lukia, ni ya Wasabato. Pombe haivuki kizingiti. Mzee akaona katukanwa, akawafukuza.

"Hukujiuliza kwa nini Jumamosi hunioni?" Lukia akafoka, akanuna.

Jumapili moja, saa sita mchana, simu ikalia karakanani kwa Hezroni, Mwanga.

"Hezi? Niko Same. Baba ananipeleka Tanga kwa shangazi, nikaolewe huko. Basi linaondoka."

"Bado umenuna?"

"Nimenuna, lakini nakupenda. Fanya haraka, mpenzi!"

Haraka! Na siku hizo Jumapili gari binafsi likikutwa barabarani baada ya saa nane mchana, polisi wanalichukua, kuokoa mafuta ya taifa.

Hezroni akakanyaga mafuta. Thelathini. Arobaini. Usukani ukatetemeka hadi mabegani, milango ikapiga kelele, upepo wa moto ukaingia kila tundu. Malori yaliyozoea kumzomea yakaachwa nyuma. Hamsini! "Twende, mama, twende!" akaliimbia gari. Same ikapita, Makanya ikapita, na karibu na Hedaru, saa nane haijatimia, akaliona basi. Akalipita akipiga honi kama mwendawazimu, akasimama mbele.

Basi likafunga breki. Mzee Eliufoo akashuka, koti jeusi, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mzee. Ule mtungi ulikuwa ujinga wangu. Sikuuliza. Nisamehe."

"Marahaba." Mzee akalizunguka gari lililokuwa likifuka moshi. "Umetoka Mwanga na hiki?"

"Na hiki, mzee."

"Ungekufa!"

"Bila Lukia nilikuwa nafanya nini hai?"

Lukia naye alikuwa keshashuka, keshamwamuru utingo ashushe sanduku lake kutoka juu ya basi.

"Nani kakuambia ushuke?" baba akanguruma.

"Mimi mwenyewe, baba. Tanga siendi. Naolewa na huyu."

Abiria wakapiga vigelegele. Mzee akamgeukia utingo.

"Na la kwangu lishushe. Nitamkabidhije binti yangu nikiwa Tanga?"