Salamu Ndani ya Handaki

Rodah wa kijiji cha Boito, tunayechuma naye chai, si mtu wa kubuni mambo. Hata akili ya kudanganya hana. Alipoenda London kumwona mwanawe Kipkirui, alimwacha mzee wake Kipkosgei peke yake na kifua kibaya, na roho yake haikutulia. Kijana akampandisha basi lisilo na paa, lile la kuzungusha wageni wakodolee macho nyumba wasizoweza kuingia.

"Baba yuko sawa, Mama. Hebu angalia mji."

"Nyumba ni nyumba. Mimi nataka kurudi kwa baba yako."

Basi likaingia handaki. Giza likawafunika, na ile sauti ya kueleza mji kwenye waya za masikioni ikakatika. Badala yake akasikia majani ya chai yakichumwa, mikono miwili, haraka haraka, halafu kikohozi cha mzee wake.

"Chamgei, Rodah."

Kwetu salamu haiachwi ikining'inia. "Chamgei mising," akaitikia.

Walipotoka kwenye mwanga akampigia Kipkosgei simu. Mzee akapokea, hakohoi hata kidogo.

"Rodah," akasema polepole, "nimekusikia ukiitikia salamu hapa shambani. Nani huyo alikuwa anakusalimu?"