Ufunguo wa Mheshimiwa

Kila jioni, kabla ya saa moja, nyumba ya Kitsa ilimpokea Mheshimiwa. Viti vilisogezwa ukutani, mbabula, jiko lao la makaa, ilitolewa nje, gunia lilitandikwa sakafuni, na watu wote walisimama pembeni. Ndipo pikipiki ya Kitsa ilipoingia taratibu na matope yake, ikakaa sebuleni kama mkwe aliyekuja kula. Jina la Mheshimiwa lilitoka kwa Mama Kavuo, mkewe Kitsa. Alisema katika nyumba hii mtu akiumwa mgongo hakuna anayempisha, lakini pikipiki ikifika tu, kila mmoja anainuka.

Cheka ukitaka, lakini pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha. Kitsa alikuwa motari, mwendesha pikipiki wa kubeba watu na mizigo mjini Butembo, na hakuwa na gereji wala ua wenye lango. Jirani mmoja aliilaza yake nje chini ya turubai. Asubuhi alikuta turubai peke yake. Tangu siku hiyo Kitsa akawa fundi wa kuzuia wezi. Aliweka vyuma madirishani. Mlango wa nyuma aliuziba kwa matofali. Kisha akajengea pete nene ya chuma ukutani, karibu na mlango wa mbele. Kila jioni pikipiki ilisimamishwa kuukinga mlango kwa ndani, mnyororo ukapitishwa kwenye gurudumu la mbele na kwenye ile pete, kufuli likafungwa. Mlango wenyewe ulifunguka kwa ndani, kwa hiyo mwizi angesukuma mpaka achoke.

Kavuo, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi tatu: kufuta matope, kufunga bomba dogo la petroli lililo chini ya tanki ili harufu isijae nyumbani, na kutunza ufunguo wa kufuli. Aliuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na rozari yake. Baba alimchagua kwa sababu, kama alivyosema, mifuko yake mwenyewe ilikuwa na matundu kama chujio. Ufunguo wa pili, aliwaambia, uko Beni, kwa mdogo wake Kambere anayekaa mtaa wa Mulekera. Kavuo alijivunia kazi hiyo. Shuleni aliuonyesha ufunguo kama wengine wanavyoonyesha saa ya mkononi.

Na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza. Jumanne moja, wakati wa mapumziko, yeye na rafiki yake Orpa walikuwa wakicheza mchezo wa kuruka miraba. Hawakuwa na kijiwe kizuri cha kurusha, basi Kavuo akavua ufunguo akautumia badala yake. Mara ya kwanza ulianguka vizuri. Mara ya tatu uliruka, ukagonga ukingo wa saruji, ukatumbukia katika mtaro uliojaa maji ya mvua. Walipapasa matope mpaka kengele ikalia, lakini maji yalikuwa yameshauchukua.

"Umuambie papa yako leo hii," Orpa alimwambia.

"Nitamuambia," Kavuo alijibu.

Na kweli alikusudia kusema. Lakini jioni ile Kitsa alirudi kutoka Masereka na gunia la viazi mgongoni mwa pikipiki, ameloa mpaka mifupa na uso umekunjamana. Maliro, kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa analialia mapajani mwa mama. Kavuo alitandika gunia, akafuta matope, akafunga petroli. Baba alipitisha mnyororo. Kufuli lile lilifungwa kwa kubonyezwa tu. Ufunguo ulihitajika wakati wa kufungua. Alilishika mkononi likiwa bado wazi, akamtazama binti yake.

"Fungula iko?" aliuliza habari ya ufunguo, kama alivyouliza kila siku.

Kavuo alishika kamba shingoni. Chini ya shati palikuwa na rozari peke yake.

"Iko, papa."

Kufuli likalia, ka. Kavuo alienda kulala akijiambia kwamba kesho itajua yenyewe la kufanya.

Kesho ilifika mapema kuliko alivyotaka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, sauti ya mama ilisikika chumbani.

"Papa Kavuo, amuka. Mutoto anawaka moto."

Maliro alikuwa amelegeza kichwa begani mwa mama, midomo imekauka, na alikataa kunyonya. Kituo cha afya kilikuwa chini ya kilima, dakika kumi tu kwa pikipiki. Kitsa alivaa koti huku akitembea.

"Kavuo, leta fungula, mbio."

Hapo angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu: nimeupoteza. Lakini mdomo wake ukatoa jingine.

"Imeanguka, papa. Labda chini ya kitanda."

Basi wakaanza kutafuta. Kitsa alikunja mikeka, akamwaga viazi vya Masereka sakafuni, akapekua viatu. Kavuo alipiga magoti chini ya kitanda na tochi ya simu, akitafuta kitu alichojua kiko katika mtaro wa shule. Alipapasa vumbi kwa bidii, na kadiri alivyopapasa ndivyo alivyozidi kujichukia. Nyumba ilinuka oili na nguo mbichi. Mama alitembea hatua tatu kwenda, tatu kurudi, kwa kuwa Mheshimiwa hakumwachia hatua ya nne.

"Mupigie Kambere simu," mama alisema. "Aitume ile ya pili na gari ya kwanza ya Beni."

Kitsa alikohoa. "Simu ya Kambere hapana kupita asubuhi."

"Hata haujajaribu."

"Tutafute kwanza. Iko humu ndani, Kavuo alisema."

Mama alikwenda dirishani akamwita Jéthro, kijana wa jirani ambaye naye alikuwa motari. Jéthro alikuja na pikipiki yake, akausukuma mlango kwa bega. Mlango ukaisukuma pikipiki, pikipiki ikavuta mnyororo, na hakuna kilichosogea. Alisema ampokee mtoto kwa dirisha, lakini kati ya chuma na chuma hata kichwa cha Maliro hakikupita.

"Wachomea vyuma wanafungua saa mbili, mama," Jéthro alisema kwa huzuni. "Mbele ya hapo hapana musumeno."

Maliro alitoa sauti ndogo, kama kuguna, kisha akanyamaza. Mama alimtikisa akimwita jina. Kavuo alitoka chini ya kitanda, vumbi tele usoni, machozi yamechora njia mbili mashavuni.

"Muache kutafuta," alisema. "Haiko humu. Nilichezea nayo jana ku masomo, ikaingia mu mutaro. Papa aliponiuliza, nilisema uongo."

Kitsa alisimama na mto mkononi. Kavuo alijikunja akingoja kofi. Kofi halikuja. Baba aliuweka mto chini, akakalia kiti cha pikipiki.

"Na ile ya pili haiko Beni," alisema polepole. "Niliipoteza tangu mwezi wa tano, njia ya Kasugho. Nilipata haya kukuambia, Mama Kavuo."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Nusu saa nzima," alisema. "Wewe unapapasa chini ya kitanda kitu unajua hakiko. Na wewe unaniacha nitegemee Beni, na Beni hakuna kitu. Sasa mutoto atoke na nini?"

Swali hilo lilimwamsha Kitsa. Kwa kuwa hapakuwa tena na ufunguo wa kungojea, aliacha kufikiria kufuli. Alitazama mnyororo ulikopita. Ulikuwa umeshika gurudumu la mbele, basi. Aliinama, akatoa spana katika kopo lake la vyombo, akasukumia kigogo cha mti chini ya injini.

"Kavuo, shika usukani. Usiachie hata mukono ukiuma."

Nati ilikuwa imegandiwa na matope ya safari. Kitsa aliikanyaga spana kwa kisigino mara mbili, tatu, ikalegea. Akachomoa ekseli, akalegeza waya wa breki, na gurudumu likabaki likining'inia penye pete na mnyororo wake. Baba na binti waliinua pua ya pikipiki, wakairudisha nyuma kwa gurudumu moja, mpaka mlango ukapata nafasi. Kazi yote haikufika robo saa. Baridi ya asubuhi ikaingia ndani, na mama akatoka na Maliro, akapanda kwa Jéthro bila kugeuka nyuma.

Kitsa na Kavuo walishuka kilima kwa miguu, wakikimbia. Walimkuta Maliro amelazwa, sindano ya maji mkononi. Ilikuwa malaria kali. Muuguzi aliwaambia kwamba wangekawia zaidi, degedege ingemshika njiani. Kavuo aliketi kwenye benchi nje, akaficha uso magotini. Alilia mpaka kola ya shati ikaloa.

Adhuhuri Maliro aliomba maji, akayanywa yote, akadai kikombe nacho. Ndipo mama alipotoka akakaa kati ya mumewe na binti yake.

"Kavuo, kupoteza fungula si zambi," alisema. "Kila mutu anapoteza; papa yako ni shahidi. Lakini ulipoulizwa jana, kadena ya munyororo ilikuwa wazi bado. Ungesema, tungefunga kwa kamba, tungelala, kesho tunanunua ingine. Ulipoficha, ulitufungia sisi wote ndani, na mugonjwa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Kosa useme likiwa kadogo, siku ileile, hata kama unaogopa."

"Ndiyo, mama. Munisamehe."

"Na mimi nimesikia," Kitsa alisema, akiangalia viatu vyake. "Mutoto alijifunza kwa mukubwa. Na tena nyumba ya mulango mumoja, ule pikipiki inakalia, haifai. Siku ya posho tunatoa yale matofali."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, walitoa matofali kweli, mlango wa nyuma ukarudi. Pete ya chuma ilihamishiwa ukuta wa mbali, kwenye kona isiyo njia ya mtu, na Kavuo ndiye aliyekoroga saruji. Dirisha moja lilitengenezwa upya ili vyuma vyake vifunguke kwa ndani. Mchomea vyuma alikata kufuli la zamani, na jipya lilikuja na funguo mbili.

Jioni hiyo Mheshimiwa aliingia kwa heshima zake, akaelekezwa konani. Kitsa alishika kufuli likiwa wazi.

"Fungula iko?"

Kavuo alivua kamba, akauingiza ufunguo katika kufuli, akauzungusha mbele ya wote, akauchomoa.

"Na ya pili, papa?"

Mama alianza kucheka. Kitsa aliinua mikono mitupu.

"Ya pili iko kwa mama yako, nimeiona na macho yangu. Mimi hapana kushika fungula tena mu hii nyumba."

Kisha akabonyeza kufuli, na Kavuo akaenda kumwita Maliro, aliyekuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kuchungulia kuku.