Silinda ya Nne

Lori lilianza kukohoa pale pale vumbi lilipofunga njia. Lilikata pumzi mara moja likaendelea, kama mtu mzima aliyejikwaa hadharani akajifanya hakujikwaa. Halafu likajikwaa tena. Dereva aliyajua hayo kwa mikono na makalio, maana masikio yake injini ilishayala zamani. Usukani ulimtetemekea, moshi mweupe ukapita dirishani, na kilima cha mchanga alichozoea kukipanda kwa gea ya tatu kikamshinda kwa ya kwanza. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, yakazama mpaka kwenye ekseli.

"Tumefika?" akauliza mama mkwe wake kutoka kwenye kitanda cha nyuma ya viti.

"Bado, mama."

"Nilidhani tumefika. Umesimama kwa uhakika sana, dereva."

Ndivyo alivyomwita tangu walipomzika binti yake. Si mkwe, si baba. Dereva, kama abiria anavyomwita mtu asiyemjua. Bibi huyu alikuwa fundi cherehani, macho yake yakaingia ukungu, na mjini ndiko alikokuwa akienda kutolewa ukungu huo. Mabasi yalikuwa yameacha kufika kwao. Ikabidi apande lori la mtu ambaye, kwa alivyoamini yeye, alimwacha mwanawe afe peke yake.

Walipaswa kuwa kwenye lami. Lakini tajiri, mwenye malori, alishasema kama anavyosema siku zote: pita njia ya chini. Njia hiyo ilikata jangwani kukwepa mizani ya barabarani, kwa sababu lori lilibeba saruji kupita kiasi. Tajiri huyo huyo ndiye aliyewaondoa matingo, wasaidizi wa madereva, ili kubana matumizi. Ndiye aliyekataa kununua rejeta nyingine ya kupozea injini, akasema injini bado nzima, wakati mita ya kilomita ilisharudi sifuri mara mbili. Yeye hutembelea gari lenye kiyoyozi. Jua analiona kupitia kioo cheusi.

Upepo ulivuma mpaka kulipokucha. Vumbi lilipotua, dereva alipanda juu ya turubai akaangaza macho. Hakukuwa na mti wala nguzo. Mchanga ulikuwa umefuta hata alama za magurudumu yao wenyewe. Halafu, bondeni upande wa jua, akaona bodi ya buluu, buluu ile ile ya malori yao. Alicheka peke yake kule juu.

"Mama, tumepona. Kuna gari la kwetu pale."

"Mwenzako mbona hapigi honi?"

"Atakuwa amelala. Naenda kumwamsha."

Aliondoka akikimbia, katikati ya njia akawa anatembea, na karibu na lile lori akasimama. Magurudumu yalikuwa yamekaa chini. Mchanga ulikuwa umefika kwenye mlango. Turubai lilichanika vipande, na chini yake mifuko ya saruji ilikuwa imegeuka mawe, yote, imepangwa kama ilivyotoka kiwandani. Juu ya dashibodi ilikaa kofia ya ngozi yenye ukingo uliotatuka. Hakuhitaji kusoma namba ya gari. Mwenye kofia ile hakuivua hata akila, ndiyo maana uani kwa tajiri walimwita Kofia.

Kofia mwenyewe alikuwa chini ya gari, upande ambao bila shaka kivuli kilikaa zaidi. Viatu alivivua akaviweka sambamba. Kilichobaki kilikuwa kile ambacho jua halikukihitaji.

Kofia alipokosa kurudi, tajiri alikuwa amewakusanya madereva wote uani akawaambia katoroka na mzigo. Mke wa Kofia alifukuzwa kwenye chumba cha kampuni sufuria ikiwa jikoni, na watoto wa jirani wakamwimbia mwizi. Kumbe saruji ilikuwa hapa. Tangi la dizeli lilikuwa kavu. Hakuna aliyekuja kumtafuta, kwa sababu kumtafuta ingekuwa kukiri alikotumwa. Dereva alisimama na kofia mkononi, na jasho likamkauka mwilini. Nani basi angemtafuta yeye? Pengine huko uani walishaambiwa kuwa mwizi wa pili kapatikana.

Aliingiza kofia ndani ya shati akarudi.

"Vipi?" mama mkwe akauliza.

"Gari bovu tu, mama."

"Na mwenyewe?"

"Hayupo."

Bibi aliinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza mshono.

Maji yalikuwa dumu moja, nalo halikujaa. Rejeta ilivuja. Kulikuwa na silinda sita, moja imelala, haiwaki, na ili kuijua ni ipi lazima injini iungurume, na ili iungurume lazima inyweshwe. Dereva alimweleza hivyo bila kuzunguka.

"Tukiyanywa sisi?"

"Tutakaa hapa kwa raha kidogo. Halafu tutakaa tu."

"Tukilinywesha gari?"

"Labda litatutoa."

"Mnyweshe huyo labda wako."

Kazi yenyewe ni rahisi kwa mwenye masikio. Unalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye kila nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Ukilegeza kwenye silinda nzima, injini inalalamika na sauti inadidimia. Ukilegeza kwenye iliyolala, haijali, maana huwezi kumlaza aliyelala. Siku zote utingo ndiye aliyesikiliza. Dereva hakumwambia mtu kwamba hasikii; dereva kiziwi ananyang'anywa funguo. Basi hata hapa, pasipokuwa na wa kumnyang'anya, aliinama peke yake juu ya injini na spana yake, akalegeza, akakaza, akatoka mwanzo mpaka mwisho. Alisikia mvumo mmoja tu, kama maji ya mafuriko. Rejeta ikachemka, ikatema. Maji yao yalidondoka mchangani na mchanga haukuacha hata alama.

Alizima injini.

"Dereva," bibi akaita kutoka ndani, "mbona ile uliipita?"

"Ipi, mama?"

"Ulipogusa mara ya nne. Zile nyingine zote zimelia, hiyo haikulia. Inaruka kama sindano butu." Akangoja. "Hukusikia?"

Dereva alijifuta mafuta kwenye suruali. "Sisikii, mama. Siku nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msiba."

Bibi alishuka kwa kupapasa, mguu mmoja kisha mwingine, akakaa juu ya bampa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Siku ile mwanangu alipozidiwa, nilipiga simu. Ulisikia au hukusikia?"

"Ulipiga ofisini, mama. Wakakaa na habari mpaka niliposhusha mzigo. Ndipo wakaniambia, pole."

Upepo ulipitisha mchanga mwembamba kati yao. Bibi alishika bampa kwa mikono miwili.

"Washa," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Dereva alihamisha nozeli ya nne akaiweka kwenye silinda ya tano, na ya tano akaiweka kwenye ya nne. Kama ubaya ni wa nozeli, ungehama nayo. Walilinywesha gari vikombe vingine vya maji. Bibi aliweka kiganja juu ya bodi, akafumba macho. "Haukuhama. Ni pale pale."

Basi akafungua kifuniko cha tapeti, na ugonjwa ukajionyesha: kimoja kati ya vijiti vya chuma vinavyosukuma valvu kilikuwa kimepinda kama upinde. Valvu haikufunguka, silinda haikuvuta hewa, moto haukuwaka. Alikinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kilifanya kazi kwa pumzi chache tu, kikapinda tena, na dumu likabaki na maji ya kufunika kitako chake. Dereva alikaa chini. Ulimi ulikuwa kama kipande cha kiatu.

"Lile gari bovu," bibi akasema, "injini yake si kama hii?"

Dereva aliigusa kofia ndani ya shati.

"Najua mwenyewe yupo. Ulirudi kwa mwendo ule ule uliorudi nao kutoka makaburini. Nilikusikiliza siku ile, nimekusikiliza leo. Nenda ukamwombe."

Alikwenda jua likiwa wima. Chuma cha lori la Kofia kilimchoma viganja vikatoka malengelenge. Alifungua, akapata kijiti kilichonyooka, akakichomoa. Kabla ya kuondoka alivuta vipande vya turubai akamfunika mwenzake, na viatu akaviacha vilivyo. "Kofia yako nitairudisha kwa mkeo," alimwambia, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Tapeti hufungwa kwa kupima uwazi wake kwa vibati vyembamba, navyo havikuwepo. Bibi alipapasa mkoba wake wa kushonea akatoa nyembe za kukatia nyuzi. "Panga unene unaoutaka." Dereva alizibana pamoja, akazipenyeza chini ya tapeti, akakaza mpaka zikapita kwa shida. Maji ya mwisho yakaingia kwenye rejeta. Walitazamana, yeye kwa macho mekundu, bibi kwa macho ya ukungu, halafu akazungusha ufunguo.

"Zote," bibi akasema mara moja. "Zote sita, zinashona."

Dereva alishusha mifuko ya saruji ya tajiri akaitandika chini ya magurudumu. Mfuko baada ya mfuko ulipasuka, vumbi la kijivu likawapaka kama wafu, na lori likapanda juu yake likinguruma mpaka likashika ardhi ngumu. Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu. Hakupunguza mwendo. Bibi alikaa kiti cha mbele sasa, kichwa kikining'inia, na kila mara dereva alimwita, na kila mara alichelewa zaidi kuitika. Kisha hakuitika. Dereva alimshika mkono, akaendesha kwa mkono mmoja, na hakuuachia hata lami ilipomulika mbele kama maji.

Hakukunja kukwepa. Aliliingiza lori moja kwa moja juu ya mizani, likazimika lenyewe pale, mvuke ukitoka kila mahali.

Mpimaji alikuja mbio na chupa. Walimlowesha bibi midomo, shingo, mpaka akakohoa na kuisukuma chupa kwa dereva. "Mpe na huyu."

"Mzee, umepotea?" mpimaji akauliza. "Magari ya tajiri wako huwa hayapiti hapa."

"Lipime hivyo hivyo," dereva akasema, akatoa kofia ndani ya shati. "Halafu nitakupeleka kwenye jingine. Lenyewe halijapungukiwa hata mfuko mmoja."

Simu ya mpimaji ililia. Alipokea, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja. "Ni huyo tajiri. Anauliza kama tumeliona lori lake."

Bibi alikuwa ameshaichukua ile kofia. Vidole vyake vilipita kwenye ukingo, vikapata pale palipotatuka, vikapima.

"Mwambie asubiri," akasema. "Macho yangu nayo yasubiri. Mkwe wangu, mke wa mwenye kofia hii anakaa wapi?"