Kumi na Saba Iliyorukwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Clare humsaidia nyanya yake kupima mayai katika nyumba yao ya Makongeni. Kila yai hutiwa kwenye beseni la maji. Linalozama huchemshwa, likauzwa na kachumbari. Linaloelea ni viza, hutupwa.

"Haya matatu ya mwisho yako sawa tu, Nyanya. Nitachelewa."

"Umeingia ndani ukayaona? Tia majini."

Clare alitia huku amenuna. Mawazo yake yalikuwa kwenye timu ya hesabu ya shule, aliyokuwa mmoja wao. Mwalimu Obura alikuwa ameuliza kama 1,003 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. "Igawanyeni kwa kila namba tasa, tangu mbili hadi thelathini na moja," alisema. "Msipite hapo, maana thelathini na mbili mara thelathini na mbili tayari inazidi namba yenu."

Usiku wa jana yake Clare alifika kumi na tatu, akachoka. Akaandika: *Nimejaribu zote. Ni tasa.*

Darasani, Griffins, mwenzake wa timu, alimtazama kwa dharau. "Kumi na saba ulijaribu?"

"Nilijaribu."

"Ilibaki ngapi?"

Clare akainamia daftari lake.

"Haibaki kitu. Kumi na saba mara hamsini na tisa. Nyanya yake anauza mayai viza, yeye anatuuzia namba viza."

Darasa zima likamcheka. Mwalimu Obura akafuta jina la Clare kwenye orodha ya timu. "Kukosea ningekusamehe," alisema bila kumtazama. "Lakini uliandika umejaribu."

Jioni Clare alimsimulia Nyanya yote, akilia. Naye hakumbembeleza.

"Acha wakucheke. Mayai yangu hayajawahi kumdhuru mtu, na leo wewe ndiye umeyatukanisha. Mimi niliishia darasa la tatu, hiyo tasa yenu siijui. Kupima ninakujua. Tafuta namba nyingine, uanze upya."

Clare akachagua 1,009. Akaigawanya kwa namba tasa zote kumi na moja, tangu mbili hadi thelathini na moja, akiandika kila baki daftarini. Kwa kumi na saba ilibaki sita. Kwa kumi na tisa ilibaki mbili. Hakuruka hata moja.

Kesho yake Mwalimu alimpa Griffins daftari hilo alikosoe. Griffins alihesabu kipindi kizima, akitafuta kosa kwa hamu.

"Ni tasa," alisema mwishowe, akalisukuma daftari kama linamchoma.

Mwalimu akaliandika jina la Clare tena, chini kabisa ya orodha. "Nitakuwa nakukagua," alisema.

Asubuhi iliyofuata lilibaki yai moja kwenye trei, safi, lisilo na ufa. Clare alilitia majini. Likaelea.

"Hilo ndilo kumi na saba lako," Nyanya akasema, akilitoa. "Ukisema umepima, uwe umepima. Watu wanakula kwa neno lako."