Tundu la Mwisho

Jioni ile nilitumwa kumtafuta mchoraji, si kumtafuta ndugu yangu.

Nafanya kazi katika ofisi inayochapisha vitabu vya shule. Kazi yangu ni kulinganisha picha na maandishi: ikiandikwa kwamba mbuzi ana pembe mbili, asichorwe na moja. Nina kalamu nyekundu kwa ajili hiyo. Mhariri wetu alikuwa amewachoka wachoraji wetu wa siku zote, wanaochora watoto wote sura moja kama mayai ya trei moja. Akanipa karatasi yenye anwani.

"Ghorofa ya nne," akasema. "Kuna mama anachora kwa sindano. Mpitie kabla hujaenda nyumbani. Angalau utapumzisha mawazo."

Mawazo yenyewe yalikuwa haya. Kitinda mimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Mziwanda, alikuwa hajaonekana kwa siku kumi na moja. Alitoka saa moja na nusu asubuhi, shati la buluu, kwenda kwenye karakana ya majokofu anakofanya kazi. Hakufika. Tulizunguka vituo vya polisi, hospitali, mochwari. Mama alikuwa hafungi mlango tena. Alilala kwenye kiti, uso kaelekeza ukumbini.

Yote hayo nilikuwa nimeyaandika katika daftari la familia. Ninalitunza mimi tangu baba afariki: nani alizaliwa lini, nani aliugua nini, nani alihamia wapi. Ndugu wakibishana husema, "Muulizeni dada, ana kitabu." Na kitabu hakikosei.

Isipokuwa mahali pamoja.

Chini ya jengo alikaa mlinzi, mzee mcheshi mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Lifti ilishakufa, mwanangu, tunangoja mazishi tu," akasema. "Panda ngazi. Ukifika dirisha la tatu, nisalimie."

Akanipungia mkono wa kulia. Sikumwelewa. Nikapanda.

Ghorofa ya nne ilikuwa ukumbi mrefu, madirisha upande mmoja tu, upande wa machweo. Kila dirisha lilikuwa limezibwa kwa karatasi nyeusi. Hakukuwa na kingine cha kutazama. Nilikaribia kugeuka.

Ndipo jua likashuka, likalingana na madirisha.

Nyuso zikawaka.

Zilikuwa nyuso za watu, zimetobolewa kwa sindano, maelfu ya matundu, kila tundu na nuru yake. Kope. Mikunjo ya shingo. Vinyweleo vya sikio. Miaka kumi na sita nimekagua picha, na sijawahi kuona mkono wa binadamu ukifanya kazi ya namna ile. Lakini jicho langu ni jicho la kazi. Nikaanza kuona makosa. Mwanamke mmoja hakuwa na sikio la kushoto. Kijana mmoja hakuwa na nyusi. Dirisha la tatu alikuwa mlinzi wa chini, koti lile lile, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

Mkono ulionipungia pale chini ulikuwa na vidole vitano.

"Wote hao walipotea," sauti ikasema nyuma yangu. "Wote wamerudi."

Alikuwa mwanamke mfupi, kavaa fulana ya kiume, sindano imechomekwa kifuani. Nilisahau vitabu vya shule. Nilisahau mhariri. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye saruji, mimi ambaye sikulia hata msibani kwa baba.

"Nitobolee mdogo wangu," nikasema.

Alinitazama sana.

"Picha za simu sitaki. Nataka unieleze kwa mdomo wako. Jioni tatu."

Jioni mbili za kwanza nilieleza, naye akatoboa. Kila mara alipasha ncha ya sindano kwenye mshumaa. Tk... tk... tk. Karatasi ilipaswa kunuka karatasi. Ilinuka nywele zilizoungua. Nilimweleza mwanya wa Mziwanda, masikio yake yaliyokaa kama vishikio vya sufuria, anavyokohoa mara mbili akifika mlangoni ili mama ajue ni yeye, anavyovua viatu na kuvipanga kabla ya kuingia. Nilieleza kwa tarehe. Hakunikatiza hata mara moja, mpaka nilipofika kwenye kovu la kidevuni.

"Alilipataje?"

"Alianguka. Alikuwa na miaka minne."

Sindano ikasimama.

"Alianguka?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alivuta pumzi. "Basi hilo sitalitoboa. Kimoja lazima kibaki, na kitabaki hicho. Usiniulize sababu. Na karatasi hii usiiguse."

Sikulala usiku ule. Kovu hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, alinichania ukurasa wa daftari langu la shule, nikamsukuma. Kona ya kabati ikampata. Damu ilijaa kwenye kiganja changu. Mama aliporudi nilisema ameanguka. Nilipokabidhiwa daftari la familia, nililiandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Mziwanda mwenyewe alikuwa mdogo mno kukumbuka. Au hakupenda kunisuta. Sikuwahi kumuuliza.

Jioni ya tatu nilifika mapema. Siku ya kumi na nne. Picha ilikuwa dirishani.

Alikuwa yeye. Midomo imefumba, macho yanataka kucheka, kama anasubiri nimalize kufoka.

Yeye, bila kovu lake la kidevuni.

"Ngoja nikamwite mlinzi, tuishushe pamoja," mwanamke akasema. Akateremka. Sindano aliiacha juu ya meza, kando ya mshumaa.

Nataka nieleze hili sawasawa, kwa sababu nimeulizwa na ndugu zangu na sikuwajibu. Hakuna sauti iliyoniita. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitazama picha nikaona kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Nikawaza: ikiwa huyu mama anasikia ukweli, nimpe ukweli angalau mara moja. Nikaipasha sindano moto.

"Nilikusukuma," nikanong'ona. "Hukuanguka."

Tk.

Kovu ni dogo. Lilitaka matundu tisa. La tisa lilikuwa gumu, kana kwamba nyuma ya karatasi palikuwa na ngozi.

Nikasukuma.

Tk.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa mama.

"Mwanangu!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Amekuja! Yuko ukumbini, nimemsikia anakohoa... mara mbili... anavua viatu... ngoja, ngoja nisimame..."

Nilisikia kiti kikisogea. Nilisikia ndara zake zikiburuta.

Kisha zikasimama.

"Mama?"

Nikaibana simu sikioni.

"Mama, yupo?"

"Kuna viatu," mama akasema, polepole. "Vimepangwa. Bado vina joto."

Nyuma yangu mlinzi na mwanamke walikuwa wamefika mlangoni. Mwanamke aliitazama picha, akatazama mkono wangu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Umemaliza," akasema.

"Nimesahihisha tu."

"Mtu hurudi kukifuata alichopungukiwa. Huyu hata hakuwa mbali." Alikaa sakafuni. "Mimi nilimmalizia mume wangu, hakurudi. Nilitaka awe mzuri."

Mlinzi alikuwa anakisugua kidole chake cha mwisho, kama mtu anayesikia baridi. "Mimi nilikifuata hiki," akasema, bila mzaha safari hii. "Huko nilikokuwa, mwanangu, sijui palikuwa wapi. Nilijua tu kwamba kidole changu kiko upande huu."

"Nizibe tundu," nikawaambia. "Nizibe hata sasa hivi!"

Nilijaribu gundi. Nilijaribu nta ya mshumaa ule ule. Nilibandika karatasi nyeusi juu ya karatasi nyeusi. Asubuhi nuru ilikuwa inapita palepale, matundu tisa.

Picha sasa iko nyumbani, dirisha la sebuleni. Viatu viko chini yake. Mama ameanza kufunga mlango, na hilo limeniumiza kuliko yote. Nilimweleza kila kitu, tangu kabati. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilijua. Kona ya kabati ilikuwa na damu, mwanangu. Nani aliifuta kama si mimi?"

Katika daftari nimefuta "alianguka" nikaandika ilivyokuwa. Mbele yake sijajua niandike nini. Amepotea? Amerudi? Kila neno lina kosa.

Kwa kuwa siwezi kukaa bure, nilihesabu matundu. Siku ya kwanza nyumbani yalikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Nilihesabu mara tatu.

Wiki iliyofuata yalikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na tisa.

Jana, arobaini na moja zaidi.

Nyumbani hakuna sindano. Nilizitupa zote, hata ya cherehani. Lakini jioni, jua likilingana na dirisha, harufu ya nywele zilizoungua huingia sebuleni. Na ukitulia utasikia, kutoka upande ambao hakuna mtu...

Tk.

Tk.

Matundu mapya yote yako mahali pamoja. Midomo iliyokuwa imefumba nilipoileta sasa imeachana. Mwanya unaonekana.

Leo nilisogea karibu, nikaona ulimi umekaa vibaya kidogo, umeenda kushoto. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kidole mbele, kama nimeshika kalamu nyekundu.

Mama akaudaka.

"Mwache aseme," akanong'ona. "Safari hii usimsahihishe."