Kadi Iliyobandikwa Mlangoni

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipopanda mbiombio ngazi za jengo lao kwenda kumchukulia mwanawe nguo safi. Hakukusudia kukaa hata dakika tano. Mtoto alikuwa wodini, wiki ya pili sasa, na muuguzi alikubali kumtupia jicho mpaka mama arudi.

Mlangoni akakuta kadi.

"Tumefika, hatukumkuta mtu wa kusaini. Hili ni jaribio la pili. Baada ya la tatu, mzigo utarudishwa ulikotoka."

Akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, bila kujali nani anapanda na nani anashuka. Ndani ya mzigo huo mlikuwa na sindano za binti yake, zilizoagizwa mbali, na daktari alishasema bila kuzunguka: wiki hii ikipita bila sindano, mama ajiandae.

Sasa nani angesaini? Nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na huyo binti aliyemwita Sisimizi kwa vile hakujua kutulia. Baba alishatangulia mbele ya haki. Dada yake fundi alikaa mwendo wa siku nzima kwa basi. Kampuni ya vifurushi alishaipigia simu mpaka sauti ikamkauka. Hospitali haipokei mizigo ya wagonjwa, kampuni haibadilishi anwani gari likishatoka, na yeye hawezi kukaa mlangoni na papo hapo akakaa wodini. Kila mtu alikuwa na utaratibu wake, na wote walimwomba radhi kwa adabu sana.

Akaigeuza kadi. Nyuma palikuwa na fomu fupi ya ruhusa yenye nafasi tatu: Mimi nani, namruhusu nani, anipokelee nini.

Ya kwanza akaandika jina lake na kutia saini. Ya tatu ilimtatiza kidogo. Hakujua kama ni boksi moja au mawili, akaogopa dereva asije akatoa moja na kuondoka na lingine. Akaandika: chochote changu. Ya pili akaiacha kwanza. Alitaka ashuke kumwomba muuza duka wa chini amsainie, ndipo aandike jina lake.

Simu ikalia. Muuguzi. Homa imepanda, njoo.

Fundi akaibandika kadi mlangoni kwa utepe wa gundi, akatimua mbio. Nguo alizozifuata hakuzikumbuka, wala muuza duka. Wala ile nafasi ya pili.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, dereva wa vifurushi akampigia.

"Mama, mzigo wako umeshapokelewa."

"Amepokea nani, kaka?"

"Si huyu bibi wa hapa nyumbani."

Fundi akashika ukuta wa wodi. Akamweleza taratibu kwamba nyumba ile imefungwa, na ufunguo uko mkobani mwake. Dereva akasema, sauti imeshuka, kwamba alibisha mara mbili akasikia kandambili zikiburuzwa... polepole... zikija mlangoni. Mlango ukafunguka upenyo tu. Mkono ukatoka, ukasaini, ukachukua boksi. Uso hakuuona. Ila harufu aliisikia.

"Harufu gani?"

"Nguo za kale, mama. Zilizofungiwa sandukuni na unyevu wake." Akakata simu.

Mtu mwenye akili zake angeita watu. Lakini sindano zile zilitakiwa zikae kwenye baridi, na barafu iliyokuwa boksini ilikuwa ya saa chache tu. Fundi hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda huku akihesabu saa.

Mlango ulikuwa umefungwa vilevile alivyouacha. Kadi haikuwepo. Akazungusha ufunguo.

Harufu.

Boksi lilikuwa juu ya meza ya cherehani, limewekwa kwa uangalifu, bado baridi. Kando yake ilikuwepo kadi, na nafasi ya pili ilikuwa imejazwa. Halikuwa jina. Vilikuwa vimstari vidogovidogo vilivyofuatana mpaka mwisho, na mwishoni kifundo. Yeye ni fundi cherehani, mshono huo aliujua hata gizani. Ilikuwa bandi, mshono wa kushikiza kitu kwa muda kabla hakijashonwa moja kwa moja.

Katika chumba cha ndani, kandambili zikaburuzwa. Mara moja. Zikasimama.

"Nimekupokelea," sauti ikanong'ona.

Fundi akalikumbatia boksi. Mdomo ukaitangulia akili, ukasema kile anachosema yeyote aliyelelewa vizuri, akipokelewa mzigo wake.

"Asante, bibi."

"Nitakupokelea na vingine..."

Hakujua alishukaje ngazi. Kadi aliiacha palepale mezani.

Sindano zikafanya kazi. Siku ya tatu Sisimizi aliomba chakula. Ya nne aligombana na mtoto wa kitanda cha pili, na ya tano muuguzi alikuwa anamtishia kumfunga kamba. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakakataa kukoma.

Nyumbani hakukanyaga tena. Alimpigia simu mwenye nyumba, na yule mzee kwanza akajidai simu haisikiki vizuri. Alipobanwa sana akasema kwamba mpangaji aliyetangulia alikuwa mama mtu mzima, aliyeishi peke yake. Mwanawe alikuwa ameahidi kumtumia mzigo, akamwambia asitoke, amsubiri mletaji. Mama yule akaweka kiti nyuma ya mlango.

"Akangoja mpaka lini?" fundi akauliza.

"Mpaka majirani walipolalamika kuhusu harufu," akajibu mzee, na safari hii simu ikawa haisikiki kwelikweli.

Fundi akaipigia kampuni ili aifute ruhusa yake. Wakamjibu kwa adabu ileile kwamba ruhusa hufutwa kwa kurudisha kadi yenyewe. Akasema ataifuata kesho. Kesho ilipofika akasema kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa, na alijidharau kwa kuogopa. Mwishowe akakata shauri: Sisimizi akiruhusiwa tu, watapanda basi moja kwa moja kwa dada, na kadi ibaki na mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Alasiri fundi akapanga foleni kwenye dirisha la dawa, foleni ndefu isiyosogea. Aliporudi wodini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Muuguzi akatabasamu. "Si umemtuma bibi yake? Maskini, kajifunika gubigubi, baridi inamsumbua. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemshika mkono."

Akamfunulia daftari la wanaotoka. Penye saini ya aliyemchukua mgonjwa palikuwa na vimstari vidogovidogo, na mwishoni kifundo. Kadi ilikuwa imebanwa hapohapo kwa pini. Muuguzi akaeleza kwamba aliilinganisha saini ya fundi na ile iliyo kwenye faili, zikawa sawasawa. Mwandiko ulikuwa wa haraka, akasema, lakini alielewa. Hakukosea kitu. Utaratibu aliufuata wote.

Chochote changu.

Fundi akakimbia. Jua lilikuwa linazama tena alipozipanda zile ngazi, na harufu alianza kuisikia akiwa ghorofa ya chini. Ufunguo ulizunguka, lakini mlango haukusogea. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani. Akaweka sikio. Kandambili zilikuwa jozi mbili. Moja ikiburuzwa polepole. Nyingine ndogo, ya haraka, isiyojua kutulia.

"Sisimizi. Ni mimi mama. Fungua."

Zikasimama zote. Ukapita mnong'ono.

"Bibi anauliza, una kadi?"

"Sina, mwanangu. Vuta komeo tu."

"Anasema bila kadi hatumpokei mtu."

Fundi akaupiga mlango kwa ngumi, kwa bega, kwa kichwa. Akaita majirani, na hakuna mlango uliofunguka. Alipoishiwa nguvu akateleza chini, na hapo ndipo kadi mpya ilipopenyezwa chini ya mlango, upande wa fomu ukiwa juu.

Nafasi ya pili ilikuwa imeshajazwa. Safari hii haikuwa bandi. Mshono ulikuwa wa kubana, umerudiwa mara mbili, ule usiofumuka. Ya tatu ilikuwa imejazwa kwa herufi kubwa zilizopinda, mwandiko aliomfundisha yeye mwenyewe kwenye meza ya cherehani: MAMA.

Iliyobaki ni ya kwanza.

Ndani, mtoto akakohoa. Kikohozi kilekile cha kabla ya sindano.

"Mama, njoo basi."

Fundi akapekua mkoba akaipata kalamu. Akaandika jina lake, akatia saini, akairudisha kadi chini ya mlango.

Komeo likavutwa, polepole... na mkono ukatoka kumpokea.